Kamera ya kasi kwa nyota badilifu: shughulika na saa kwanza

Kila anayetaka kuunda kamera ya kasi ya kupima nyota zinazobadilika mwangaza huniuliza swali lile lile: inapaswa kupiga fremu ngapi kwa sekunde? Nami huuliza: nyota yako inabadilika kwa muda gani?

HL Tau 76, kibete cheupe (kiini kidogo kizito kinachobaki nyota inapokufa) ambacho mwanaastronomia Arlo Landolt alitangaza mwaka 1968 kwamba kinapwita, yaani mwangaza wake hupanda na kushuka, humaliza mpwito mmoja kwa takriban dakika 12 na nusu. Fremu ya sekunde 10 inakitosha kabisa. Pulsari ya Crab, mabaki ya nyota iliyolipuka ambayo humweka yakizunguka, kwa upande wake huzunguka mara moja kila milisekunde 33 hivi. Hizo ni kazi mbili tofauti, na wengi ninaokutana nao wanafanya ya kwanza huku wakinunua vifaa vya ya pili.

Kwa vibete vyeupe kinachoumiza zaidi ni muda unaopotea kati ya fremu. CCD (aina ya sensa ya picha) ya kawaida ikitumia sekunde 5 kusoma picha baada ya kila sekunde 10 za kupokea mwanga, theluthi ya usiku imekwenda bure. Ndiyo maana napendelea CCD ambayo nusu yake imefunikwa: chaji ya umeme iliyozalishwa na mwanga husukumwa upesi chini ya kifuniko na kusomwa huko, huku nusu iliyo wazi ikiendelea kukusanya mwanga. Kamera ya ULTRACAM, iliyoanza kazi mwaka 2002 kwenye darubini ya William Herschel huko La Palma, inafuata njia hiyo. Gharama yake ni kwamba nusu ya chipu haioni anga, na wewe unahitaji uwanja mpana kiasi cha kupata nyota ya kulinganishia, ikiwezekana angavu kuliko unayoipima.

Halafu kuna kelele ya usomaji, yaani makosa ya nasibu ambayo kamera huongeza kila inaposoma pikseli, ambayo karatasi za matangazo huionyesha kama kitu kidogo. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme nyota inakupa elektroni 1000 kwa fremu. Kelele ya fotoni (chembe za mwanga) zenyewe ni kama 32. Nyota imetapakaa kwenye pikseli 80, na kila pikseli ina kelele ya elektroni 5. Zidisha 5 kwa kipeuo cha pili cha 80, unapata karibu 45. Kamera inakupigia kelele kuliko nyota! Ukiunganisha pikseli nne nne ndani ya CCD kabla ya kusoma, unabaki na usomaji 20 na kelele inashuka hadi 22. Kwenye CMOS nyingi, aina ya pili ya sensa, muunganisho huo hufanywa baada ya kusoma, kwa hiyo usitarajie nafuu hiyo.

CMOS zina jambo jingine. Nyingi huanza kupokea mwanga mstari kwa mstari. Mistari 2000, kila mmoja ukichelewa mikrosekunde 10, maana yake mstari wa mwisho uko nyuma kwa milisekunde 20. Kwa kibete cheupe hilo si kitu. Kwa Crab ni zaidi ya nusu ya mzunguko, kwa hiyo rekodi nyota yako iko mstari wa ngapi.

Sasa saa. Usiiamini saa ya kompyuta, wala muda ambao programu inaandika faili. Huo ni muda wa diski. Chukua kipokezi cha GPS kinachotoa mpigo kila sekunde, na mpigo huo uwashe taa ndogo ya LED mbele ya kamera. Piga fremu za milisekunde 100. Fremu ambamo taa imewaka ikiwa na asilimia 30 tu ya mwanga wa fremu kamili, basi taa iliwaka fremu ikiwa na milisekunde 70, na fremu ilianza milisekunde 70 kabla ya sekunde kugonga. Linganisha na kilichoandikwa kwenye faili. Rudia kwa kila mpangilio wa kamera, kwa sababu ucheleweshaji hubadilika ukibadilisha ukubwa wa dirisha, yaani sehemu ya sensa inayosomwa.

Kwa darubini ndogo na nyota angavu, kinachotawala ni kumetameta kwa anga, na hapo sensa ya bei kubwa haikusaidii. Lenzi au kioo kipana zaidi ndiyo dawa.

Hifadhi muda kwa UTC (saa ya kimataifa) kama ulivyopimwa, na urekebishaji wa mwendo wa Dunia kuzunguka Jua ufanye baadaye. Haukwepeki: mwanga hutumia dakika 8.3 kutoka Jua hadi kwetu, na nyota iliyo karibu na njia ya Jua inaweza kuonekana kuwahi au kuchelewa kiasi hicho kutegemea msimu. Na kipokezi cha GPS kiwashe mapema. Saa ya GPS imetangulia UTC kwa sekunde 18, na kipokezi kilichowashwa upya kinaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kabla ya kupata tofauti hiyo kutoka kwa setilaiti.