Jibu: Mzee kaambiwa damu nzito, aache mafuta?

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: mzee wako ni mvuvi hapo Deep Sea, Tanga, anavuta sigara, kipimo cha damu kimetoa hematokriti 54%, na nyumbani mmeanza kumnyima nazi.

Msimnyime nazi kwa ajili ya kipimo hiki. Namba hiyo haipimi mafuta, ni sehemu ya damu inayojazwa na chembe nyekundu. Kwa mwanamume kawaida ni kama 40 hadi 50%. Huku maabara Ngamiani wavutaji wa siku nyingi hutuletea namba za juu mara kwa mara. Kaboni monoksaidi ya moshi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe, mwili ukahisi hewa haitoshi, ukazalisha chembe zaidi. Sigara pia hupandisha faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, basi chembe zinashikana kama sahani zilizopangwa na damu inapita kwa tabu kwenye mishipa midogo. Kama ana kisukari ndiyo zaidi, maana chembe hukakamaa, hazijikunji vizuri kupenya.

Cha kuangalia kwanza: siku ya kipimo alikuwa ametoka baharini? Aliyeshinda juani bila maji namba yake hupanda tu. Arudie akiwa amekunywa maji ya kutosha, apime na sukari na presha palepale. Ikibaki juu, arudi kwa daktari. Magonjwa ya mapafu na ya uboho wa mifupa, unakotengenezwa damu, nayo huleta hali hii. Aspirini ya dukani asijianzishie, hata jirani aisifu vipi. Na pakiti ya sigara ianze kupungua leo, asisubiri majibu.