Kinanda hakijawahi kumzuia kijana kuondoka

Bwana asifiwe, wapendwa. Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja aliyechaguliwa mwalimu wa vijana kwenye kanisa la Baptisti kijijini kwao. "Shikamoo dada. Vijana walikuwa thelathini, sasa tumebaki saba, na wawili ni watoto wa mchungaji. Tunafikiria kuchanga tununue kinanda na spika. Unanishauri nini?"

Nilicheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Halafu kicheko kikaniishia, maana habari za kinanda nazijua vizuri.

Nimekulia Rungwe, pande za Tukuyu, ambako mtu anatoka na mwavuli hata jua likiwaka. Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma, madirisha hayana vioo, limezungukwa na migomba, na chini yake shamba la chai. Wenye eneo ni Wamoraviani, walioweka misheni yao Rungwe tangu 1891. Wamisionari wa Baptisti kutoka Marekani walianza kazi Tanganyika mwaka 1956, kwa hiyo pale kijijini tulihesabiwa wageni wa jana. Wenzetu shuleni walikuwa wamebatizwa wangali wachanga. Sisi tulikuwa na miaka kumi na mbili, tumekariri mafungu kuwapita wote, na bado wakatuita wapagani kwa kuwa hatujaguswa na maji. Mengi ya utotoni nimeyasahau. Hilo sijalisahau, Mungu anisamehe.

Kwetu ubatizo unauomba mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tatu niliposimamishwa mbele ya washirika, yaani waumini waliobatizwa, waniulize maswali. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Baba yako akikukataza kuja kanisani, utafanyaje?" Nikajibu nitapita nyuma, kwenye migomba. Kanisa zima likacheka, mikono ikanyooshwa, nikakubaliwa. Tulibatizwa Julai, na aliyewahi kukaa Rungwe mwezi wa saba anaelewa. Wavulana walikuwa wamekiziba kijito tangu Jumamosi kwa mawe na viroba vya mchanga ili maji yafike kiunoni. Nilizamishwa, nikaibuka, nikashindwa hata kusema amina kwa jinsi meno yalivyokuwa yakigongana.

Jumapili iliyofuata shemasi mmoja, babu mwenye koti la mvua lisilokauka, akanipa ufunguo wa kanisa. Akasema mshirika ndiye anayefungua mlango, basi. Nikawa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Nafagia, natoa maji yaliyoingia usiku kupitia madirishani, nafuta mabenchi, natandika kitambaa mimbarini, kisha napiga kengele. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi, unaigonga kwa nondo. Siku moja nilipitiwa na usingizi. Nilipofika nikakuta watu wamesimama nje wanalowa, wazee kwa watoto, na yule babu kati yao. Hakunifokea. Alinitazama tu nikihangaika na kufuli mpaka likafunguka. Tangu siku ile sijachelewa popote ninaposubiriwa na watu.

Sikuwa peke yangu wa kupewa kazi. Kulikuwa na msichana wa darasa la saba aliyehesabu sadaka pamoja na mtunza hazina na kuandika kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi alisomea kanisa zima mapato na matumizi kwa sauti inayotetemeka. Wavulana walipeleka kuni kwa wajane kila Jumamosi. Wengine waliongoza ibada za nyumbani za katikati ya wiki, na wakikosea fungu wazee walisubiri walitafute tena. Vyombo vyetu vilikuwa ngoma moja na kayamba. Tulikuwa karibu arobaini, na sikumbuki mtu akilalamika kwamba ibada inachosha.

Miaka ya sekondari na chuo naiacha, haina habari. Nikarudi nikiwa mwalimu wa shule, nikachaguliwa kiongozi wa vijana. Na mimi nilitaka vijana wetu wafanane na wa mjini! Mwaka na nusu tulichanga. Tulichuma chai vibarua, tukauza parachichi, mpaka kinanda kikapatikana. Siku kilipofika tuliimba hadi giza, na nikikumbuka kile kikundi na sare zile za bluu bado natabasamu. Tulipendeza, niacheni nijisifu kidogo.

Ila sikilizeni nilichokifanya baada ya hapo. Kinanda nilikifungia ofisini na ufunguo ukakaa kwenye mkoba wangu. Ratiba niliandika mimi, nyimbo nilichagua mimi, sare nilishona kwa kipimo changu. Kuni za wajane zikasahaulika kwa sababu Jumamosi ilikuwa ya mazoezi. Yule asiyeweza kuimba akabaki kukaa benchi akiwatazama wanaoweza. Hakupita mwaka, wavulana wawili waliojifunza kinanda wakaenda mjini kupigia kanisa linalolipa. Waliokaa benchi hata hawakuaga.

Kisha kikao cha washirika kikaniondoa. Kwetu hakuna askofu wa kukatia rufaa. Washirika wakiamua wameamua. Ikasemwa kwamba nimewafanya vijana kuwa mali yangu. Mikono ikanyooshwa, mingi, na nikauona wa yule mama muuza ndizi. Nililia njia nzima. Mpaka leo naona wangeniita pembeni kwanza, mtu haondolewi hivyo mbele ya wanafunzi wake. Lakini walichosema kilikuwa kweli, na ilinichukua miaka kukubali hivyo viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wape kazi. Ushauri wangu karibu wote umeishia hapo. Wape kazi ambayo isipofanyika kanisa zima litaona. Ile Jumapili ya vijana inayokuja mara moja kwa mwaka, mtoto anasoma fungu moja na kupigiwa makofi, isikudanganye. Mpe kijana daftari la sadaka. Mpe ufunguo. Akichelewa, waache watu walowe siku hiyo moja. Kinanda kikija, kije kimkute kijana ana sababu ya kuamka Jumapili.

Na nyie wazee, najua mnasoma hapa kupitia simu za wajukuu. Tunahubiri kila mwaka maneno ya Paulo kwa Timotheo kuhusu ujana kutodharauliwa, kisha kijana akinyoosha mkono kwenye kikao tunamwambia aketi. Kama mlimbatiza akiwa na miaka kumi na nne, ni mshirika. Mkono wake unahesabiwa kama wa mzee wa miaka themanini. Kama hamkutaka aseme, mlimzamisha majini kwa ajili gani? Tunajisifu kwamba hatubatizi wachanga, kisha tunawalea waliobatizwa kama wachanga. Wapeni kazi, narudia.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani. Kinanda bado kipo, kimefunikwa kitenge, vibonyezo vitatu havilii. Asubuhi ya sikukuu niliwahi kanisani, mvua inanyesha kama kawaida yake. Nikamkuta binti wa kama miaka kumi na mitatu anapiga deki, ufunguo umefungwa kwa kamba shingoni. Nikamwambia kwa majivuno kidogo kwamba zamani ufunguo huo nilikuwa nao mimi, nikainua mguu niingie.

"Shikamoo mama," akasema. "Subiri hapo nje kidogo, sakafu haijakauka."