Visa ya kozi ya Kiingereza Uingereza hairuhusu kazi

Hapana, ndugu, huyo wakala wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anayesema ada ya kozi ya Kiingereza utailipa kwa vibarua ukishafika London anakudanganya. Kozi isiyozidi miezi 6 unakwenda kwa visa ya mgeni wa kawaida. Ya miezi 6 hadi 11 ina visa yake ya masomo ya muda mfupi. Zote mbili haziruhusu kufanya kazi, hata ya kujiajiri, na hiyo ya pili haiongezwi muda wala hairuhusu kwenda na mke au watoto. Masharti yamo wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, mimi niliyasoma nikimjazia fomu mtoto wa dada yangu hapa Mbeya.

Saa 20 za kazi kwa wiki anazozitaja huyo wakala ni za mwanafunzi wa shahada wakati wa muhula. Hiyo ni visa nyingine kabisa, na kuipata lazima kwanza uthibitishe kwamba Kiingereza unakijua!

Kama shida ni hela, Zambia ipo hapo ukivuka Tunduma, na Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Ila mtaani Lusaka utasikia zaidi Kinyanja, kwa hiyo mazoezi utayapata darasani na maofisini kuliko sokoni. Na ukienda kusoma, omba kibali cha masomo, usitegemee muhuri wa matembezi wa mpakani.