Gesi ya mtungi hapa Tabora: kabla hujauliza bei, ulizia mizani

Mwangaluka wapendwa, na wale wa mbali habari zenu. Leo nataka tuongee gesi ya kupikia, maana ndani ya wiki mbili nimeulizwa na watu watatu "hivi wewe gesi unachukuaga wapi" na kila mmoja najikuta namwanzia stori ndefu ya kuanzia 2021, kwahiyo nimeona bora niiandike yote hapa mara moja.

Mi nakaa Ipuli, nyumba ya watu sita, mimi na mme wangu, watoto watatu na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo hapa mjini. Gesi nilianza 2019 na mtungi mdogo wa kilo 6, ule unaofunga bena juu yake, na jiko la mkaa likiwa bado pembeni kwa ajili ya maharage. 2021 tukajikusanya tukachukua mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili. Na kama wengi wetu, duka nilichagua kwa swali moja tu, shilingi ngapi. Kuna duka moja lilikuwa linauza elfu 55 wakati wengine wote wanauza elfu 58, na elfu 3 si unajua, hiyo ni mboga ya siku nzima na nyanya zake, basi baada ya mitungi miwili ya kwanza nikawa mteja wa pale.

Sasa mimi nina tabia moja niliichukua kwa mama yangu, kitu chochote kinachoisha ndani naandika tarehe nilipokifungua. Nyuma ya mlango wa jikoni nimetundika kadaftari na kalamu yake. Mtungi wangu wa kwanza wa kilo 15 ulikaa siku 42, wa pili 41. Nilivyohamia kwenye lile duka la bei nafuu ukaja 34, unaofuata 33, halafu 35. Nikaanza kutafuta mchawi humu humu ndani. Nikamwambia mdogo wangu wewe unachemshia maji ya kuoga kwenye gesi, yeye anaapa hajafanya hivyo, mimi nashikilia, siku hiyo alilala hajala, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma kwa sababu yule mtoto hakuwa na kosa lolote.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yetu anayenunua mpunga. Nilikuwa napita pale na boda, mtungi mpya umetoka dukani saa hiyo hiyo, sili bado ipo juu, nikasimama kumwamkia, "shikamoo mzee", akaitika, akautazama mtungi akaniuliza, "Mwanangu, huo mtungi umeupima?" Nikamwambia hapana, mbona umefungwa tu na sili. Akasema tuuweke hapa, ana ile mizani ya kupimia magunia. Kabla ya kupima akafuta vumbi kwa kidole kwenye ule mkono wa juu wa mtungi, pale tunaposhikia, na kweli kuna namba zimegongwa kwenye chuma ambazo mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kuziangalia. Zilisomeka 15.4. Akaniambia huo ndio uzito wa chuma kitupu, sasa jumlisha gesi yako kilo 15, mizani inatakiwa isome 30.4. Tukapandisha. Ikasoma 27.9. Akaushusha, akahakikisha mizani imerudi sifuri, akapandisha tena. 27.9.

Kilo mbili na nusu hazipo.

Hebu tupige hesabu pamoja, mimi niliipiga pale pale nimekaa juu ya gunia. Elfu 55 gawa kwa kilo 12 na nusu ni shilingi 4,400 kwa kilo. Maduka ya elfu 58 yakikupa kilo 15 kamili, kila kilo ni kama 3,866. Yaani lile duka la nafuu ndio lilikuwa ghali kuliko yote mtaani na mimi nilikuwa nalitangaza kwa majirani. Jioni nikamwita mdogo wangu nikamwomba msamaha mbele ya watoto, kwa sababu nilimgombeza mbele yao.

Nilirudi dukani kesho yake. Kijana akaniambia "dada sisi tunaletewa hivi hivi, hatufungui". Inawezekana anasema kweli, mtungi unaweza kupungua sehemu nyingi, valvu inavuja taratibu, au kuna watu wanahamisha gesi toka mtungi mmoja kwenda mwingine huko stoo kisha wanarudishia sili, kitu ambacho kimekatazwa na ni hatari ya moto kubwa kabisa. Lakini mimi mteja nitajuaje ilipungulia wapi? Nikamuuliza mizani yenu iko wapi, akasema imeharibika. Risiti sikuwa nayo kwa sababu sikuwahi kuidai. Ikaishia hapo, hela yangu ikaenda.

Ndio maana sasa hivi swali langu la kwanza dukani ni mizani. Muuza gesi anatakiwa awe na mizani na akupimie mtungi ukiwa unaona, hiyo ni haki yako na wala si kumsumbua mtu, na mizani yenyewe inatakiwa iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, angalia stika. Ukipunjwa unaenda kwao, ofisi ya mkoa ipo, na upande wa leseni na usalama kuna EWURA, ile mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ila uende na risiti na mtungi ambao hujaufungua. Ukishaanza kupikia hakuna tena cha kuthibitisha. Mwenye duka akinuna ukitaja mizani, mi naondoka, hata kama bei yake ni ya chini namna gani.

Usisahau kusoma ile namba ya chuma kila mara, kwa sababu hapa tunabadilishana mitungi, unapeleka mtupu unapewa mwingine, na mitungi haifanani uzito hata kama ni rangi moja na kampuni moja.

Kitu cha pili ambacho watu hawakiwazi ni kwamba ukinunua mtungi umechagua na kampuni. Oryx, Taifa Gas, Lake Gas, Manjis, kila mmoja ana mtungi wake, na kampuni haitakiwi kujaza mtungi wa mwenzake bila makubaliano. Kwahiyo kabla hujatoa hela ya mtungi wa kwanza, tembea mtaani kwako uangalie ni ipi inapatikana maduka mawili matatu unayoweza kufika kwa miguu. Sisi tulikosea kwa mama mkwe. Yuko Sikonge, kijijini ndani, tukamnunulia mtungi wa kilo 6 mzuri kabisa hapa mjini, tukampelekea na bena yake, akafurahi, akapika mwezi mzima bila moshi, macho yake yale yaliyokuwa yanatoa machozi kila jioni yakapata nafuu. Gesi ilipoisha duka la kijijini kwao halina mtungi wa kampuni ile. Wana mwingine. Ikabidi amsubiri mtu wa kuja mjini aubebe mtupu, mara mtu hayupo, mara gari limejaa. Tulivyoenda msimu wa mavuno tukakuta mtungi uko chini ya kitanda umefunikwa kanga na yeye yuko kwenye mafiga anapuliza moto. Iliniumiza sana. Tukaubadilisha kwa ule unaopatikana pale pale kijijini, tukaongezea hela kidogo, na sasa anapika. Kwahiyo kama unamnunulia mzazi, piga simu kwanza muuza duka wa kule umuulize ana mtungi gani, halafu ndio ununue.

Hapo hapo uliza mzigo wao unaingia lini. Gesi hii inashuka bandarini Dar na Tanga ndio inapanda magari mpaka huku kwetu, mvua zikikolea na barabara zikisumbua kuna maduka yanakaa wiki hayana kitu, na kuna mengine yanajiwekea akiba. Mi nina namba za maduka mawili, moja la kudumu na moja la dharura, yote ya kampuni moja.

Halafu kuna swali ambalo jirani yangu ananiuliza kila bei ikipanda, "si tuna gesi yetu ya Mtwara, mbona tunauziwa hivi?" Ndugu zangu, hizi ni gesi mbili tofauti. Gesi asilia ni ile iliyogunduliwa Songosongo 1974 na Mnazi Bay 1982, ni methane kwa sehemu kubwa, inasafiri kwenye bomba, na kuna nyumba Dar, Lindi na Mtwara ambazo TPDC, shirika la petroli la taifa, imeziunganishia zinapikia hiyo kwa mita kama maji. Bomba hilo Tabora halijafika. Ya kwenye mtungi ni propane na butane, imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, na inatoka nje ya nchi kwa meli, ndio maana dola ikipanda na sisi tunaisikia jikoni. Na ile bei ya EWURA inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi ni ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, mtungi haumo, kwahiyo kwenye gesi kila duka lina bei yake na ndio maana inalipa kuzunguka kuulizia. Kingine, ukiwa na ndugu Dar anayehama na anataka kukuachia jiko lililokuwa linatumia gesi ya bomba usilifunge tu kwenye mtungi, matundu yake ya kutolea gesi ni tofauti, mpaka fundi ayabadilishe.

Kuhusu ukubwa wa mtungi, kama hela inaruhusu kilo 15 ni nafuu kuliko 6. Kwa bei ninazoziona hapa ule mdogo unajazwa elfu 25, ambayo ni zaidi ya 4,160 kwa kilo. Lakini kama hela yako inaingia kidogo kidogo chukua mdogo bila wasiwasi wowote, kuliko kuwa na mtungi mkubwa mtupu ndani unasubiri elfu 58.

Mtungi ukifika nyumbani. Dogo wa boda mwambie aulete umesimama, asiulaze kwenye tenki. Angalia ile ringi ya mpira ndani ya valvu ipo na haijachanika, nimeshaletewa isiyo na ringi kabisa. Funga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira wote, ukiona mapovu yanavimba kuna uvujaji, usiwashe, rudisha. Tafadhali usipime kwa kiberiti, nimeona watu wazima wanafanya hivyo na nikatoka nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni inajikusanya kwenye kona, kwahiyo fungua mlango unaogusa chini, dirisha peke yake halitoshi, na swichi ya taa usiiguse kuwasha wala kuzima. Ile harufu kali imewekwa makusudi ili tujue, ukiisikia usijizoeshe. Na mpira ukishaanza kukakamaa au kupata nyufa, badilisha, ni hela ndogo.

Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, mwagia maji ya moto kidogo (yasiwe yanachemka) ubavuni mwa mtungi kisha pitisha kiganja toka juu kuja chini. Kuna mahali unasikia joto linakata ghafla panakuwa baridi, gesi iko hapo kushuka chini. Kulaza mtungi au kuuweka kwenye beseni juu ya moto ili utoe ya mwisho acha kabisa.

Mengine ni matumizi tu. Maharage nayaloweka usiku, matobolwa (vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha) nachemshia kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana, na mkaa bado ninao kidogo kwa siku za wageni wengi, sitawadanganya kwamba nimeacha kabisa. Serikali yenyewe kwenye mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 inataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034, na mimi naitamani siku hiyo nikiangalia misitu yetu ya miombo inavyoisha njia nzima ya kwenda Sikonge, ila mama hatabaki kwenye gesi kama kila mtungi anapunjwa kilo mbili.

Duka ninalochukua sasa bei yao ni ile ile elfu 58. Jumamosi iliyopita nilienda, mwenye duka akapandisha mtungi kwenye mizani kabla sijasema kitu, ukasoma 30.1, chuma kimeandikwa 15.6. Akapiga hesabu kwenye simu yake, akasema "dada huu umepungua nusu kilo, ngoja", akauweka pembeni akaugeuzia ukutani, akaleta mwingine. Na wenyewe ukasoma 30.1, lakini chuma 15.1. Huo ndio nilioondoka nao, na risiti.