Nimeongeza RAM, mashine inajizima: ninunue pawa saplai mpya?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Ninahariri video za harusi na sendofu, niko Sinza. Mashine yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600, madabodi ya B450 na RAM ya GB 16, yaani vipande viwili vya GB 8. Mwezi uliopita nilinunua vingine viwili vya GB 8 Kariakoo. Ni vya kampuni tofauti na vile vya mwanzo, ila vyote ni DDR4 na vyote vimeandikwa 3200. Fundi akavipachika na kuwasha XMP (profaili ya kuipa RAM spidi iliyoandikwa kwenye stika) kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya madabodi. Tangu hapo mashine inaganda, mara inaleta skrini ya bluu, mara inajizima na kuwaka yenyewe, hasa nikirenda, yaani nikitoa video ndefu iliyokwisha haririwa. Fundi akapandisha volti za RAM hadi 1.45, ikatulia siku mbili, ikaanza tena. Prosesa nayo aliipunguzia volti ili isichemke. Sasa anasema ni pawa saplai. Ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue kwanza, dada. Pawa saplai inaweza kuwa na makosa, lakini kwa maelezo yako vitu vitatu vimebadilishwa kwa mkupuo: vipande vya RAM, mipangilio yake, na volti za prosesa. Hakuna hata kimoja kilichopimwa peke yake. Ukinunua pawa saplai leo utakuwa umeongeza cha nne.

Kabla hujagusa chochote, chukua video ghafi za wateja uzinakili kwa kutumia kompyuta nyingine, siyo hiyo. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hawalijui: faili unalonakili hupita kwenye RAM kabla ya kuandikwa kwenye diski. RAM ikibadili biti moja tu njiani, nakala inatoka na kasoro na Windows haikuambii kitu. Mashine ikizima unaona. Faili likiharibika kimyakimya huoni, mpaka bibi harusi akupigie kwamba picha ya kuvishana pete ina michirizi. Kwa hiyo kazi zote ulizorenda tangu vipande hivyo viingie, zitazame upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na mtu asikushauri kupiga Windows upya sasa hivi. Ukiiweka juu ya RAM inayokosea, hata Windows mpya itaingia na mafaili mabovu.

Sasa zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa vipande vyote vinne usome stika zake. Nadhani tatizo liko hapo. Kipande kilichotengenezwa kwa XMP mara nyingi huandikwa 3200, CL16, volti 1.35. Kipande cha kawaida nacho huandikwa 3200, ila ni CL22 na volti 1.2. Spidi ni ileile, lakini CL ni idadi ya mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data iliyoombwa. Ukiwasha XMP, madabodi husoma profaili iliyomo kwenye chipu ndogo ya kipande kimojawapo, kisha inailazimisha kwa vyote vinne. Kama vyako vya zamani ni CL16 na vipya ni CL22, basi vipya vinadaiwa kujibu kwa mizunguko 16 wakati mtengenezaji aliahidi 22. Vitajitahidi, vitapatia mara nyingi, halafu katikati ya kurenda kimoja kitakosea.

Hata kama stika zinafanana, bado kuna prosesa. Anayeiendesha RAM ni kidhibiti kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, na AMD wenyewe wanaihakikishia familia hiyo ya Ryzen 3000 spidi ya 3200 ikiwa na vipande viwili. Ukijaza vinne, kiwango rasmi kinashuka hadi 2933, au 2667 kwa vile vyenye safu mbili za chipu. Zaidi ya hapo ni bahati ya prosesa uliyopata. Ndiyo maana mashine ilikuwa nzima na vipande viwili, XMP ikiwa imewashwa au haijawashwa.

Kuhusu volti: DDR4 imeundwa kwa volti 1.2, na XMP nyingi hutumia 1.35. Kikomo ambacho chipu haipaswi kupita kabisa ni 1.5, kwa hiyo 1.45 kwa vipande usivyovijua ni kusogea ukingoni bila sababu. Volti zikipanda joto nalo linapanda, na RAM haipendi joto. Kila biti ni chaji ndogo sana inayovuja kama maji kwenye ndoo yenye tundu, na RAM inabidi ijaze upya ndoo zote ndani ya milisekunde 64. Kadiri joto linavyozidi ndivyo zinavyovuja haraka. Chumba cha Sinza mwezi wa Februari, kasha limefungwa, video ya saa tatu inarendwa: hapo ndipo makosa yanapotokea, na ile nafuu ya siku mbili inaeleweka.

Cha kufanya ni hiki. Rudisha vipande, ingia BIOS, piga picha za mipangilio iliyopo kwa simu, kisha chagua kurudisha mipangilio ya kiwandani. Hilo litaondoa XMP na litarudisha volti za prosesa. RAM itashuka hadi 2133, 2400 au 2666, usishtuke. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kupitia flashi hiyo, uiache ipime usiku kucha, raundi zote nne. GB 32 zinachukua saa nyingi, vumilia. Kosa hata moja ni kosa, hakuna kiwango cha kuvumilika. Likitokea, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo kwenye madabodi nyingi huandikwa A2. Ukiwa hapo futa miguu ya dhahabu kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye alkoholi ya isopropili. Unyevu na chumvi ya hewa yetu ya pwani huacha utando ambao macho hayauoni.

Prosesa iachie volti zake. Ryzen 5 3600 hupandisha kiini kimoja hadi gigahetsi 4.2 kwa kazi ndogondogo, na hapo ndipo volti pungufu hushindwa. Kujizima ghafla bila skrini ya bluu, hata ukiwa unafungua folda tu, hutokana sana na hilo. Ukikuta WHEA (ripoti ya Windows ya kosa la vifaa) kwenye skrini ya bluu au kwenye kumbukumbu za matukio za Windows, shuku volti za prosesa kwanza. Ukikuta MEMORY_MANAGEMENT, au ujumbe unaobadilika kila mara, shuku RAM. Kama prosesa inachemka, safisha feni na upake pesti mpya. Kikomo chake ni nyuzi 95, kwa hiyo 75 wakati wa kurenda si ugonjwa.

Vipande vyote vikipita kipimo na mashine ikikaa wiki nzima ya kazi bila kuzima, hapo panda taratibu. Usiwashe XMP. Andika mwenyewe 2666, mizunguko ya kusubiri iache kwenye otomatiki, volti 1.35, kisha pima tena. Ikitulia, jaribu 2933. Mimi ningeishia hapo. Tofauti na 3200 kwenye kurenda ni ndogo, na kwa kazi yako GB 32 zinazotulia zina faida kuliko spidi. Mashine ikigoma kuwaka, chomoa waya, toa betri ya CR2032, ile ya duara kwenye madabodi inayotunza mipangilio ya BIOS, kwa dakika chache, irudishe.

Pawa saplai inaingia kwenye orodha pale tu RAM imepita, kila kitu kiko kwenye mipangilio ya kiwandani, na bado mashine inajizima ikibanwa. Hata hapo azima iliyo nzima kwa jirani uijaribu kabla ya kununua. Mita ikionyesha laini ya volti 12 imeshuka chini ya 11.4 wakati wa kurenda, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Na kama kipande kipya ndicho kitakachotoa makosa, piga picha ya skrini ya MemTest86 yenye mistari myekundu, urudi nayo dukani Kariakoo pamoja na risiti. Wakikupa cha kubadilisha, soma stika kwanza: tafuta CL na volti zinazolingana na vile vya zamani. Wakiwa hawana, omba kuongezea uchukue jozi moja ya GB 16 mara mbili iliyofungwa pamoja, kisha vya zamani uviuze.