Penzi la Kuziba Pengo: Mbona Riwaya Hii Haikunigusa?

SWALI: Ndugu Mhariri, niliingoja kwa hamu riwaya moja mpya ya mapenzi, inayomhusu mwanamke aliyeachwa na mchumba wake wa miaka mingi, naye akampata mwingine kabla ya mwezi kwisha. Mchumba wa kwanza hatumwoni ila katika sura ya kwanza, akiwa mwongo, mchoyo na mzinzi. Wa pili hana kasoro hata moja. Nimeimaliza bila kuguswa. Wenzangu wanadai kwamba nilipaswa kujua mapema kuwa wawili hao wataoana, na kwamba penzi la haraka hivyo halisadikiki. Je, kosa ni mwisho unaotabirika, ni haraka hiyo, au ni mimi niliyetarajia makubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, mwisho unaotabirika si kosa. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya hizi kilichoanzishwa mwaka 1980, kinauhesabu mwisho wenye kuridhisha na kutia matumaini kuwa sehemu ya ufafanuzi wa utanzu wenyewe. Haraka nayo haina hatia kubwa kama wanavyodhani wenzako, kwani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wanasaikolojia Claudia Brumbaugh na Chris Fraley waliona kwamba waliokwisha kuingia katika uhusiano mpya walijiamini zaidi kuwa wanapendeka, na walikuwa wameachana zaidi kimoyo na wapenzi wao wa zamani.

Kwa jinsi unavyoisimulia, ninaona kosa limo katika sura ile ya kwanza. Mwandishi amemchafua mchumba wa zamani kiasi kwamba kuachwa naye si msiba tena, bali ni nafuu. Na pasipo msiba, huyo wa pili anaziba pengo gani? Mwanamke aliyeishi miaka mingi na mtu asiye na jema hata moja anatudai maelezo, lakini mwandishi, ninavyoshuku, aliogopa kwamba tukimpenda kidogo yule wa kwanza tutamkataa wa pili. Hofu hiyo ndiyo iliyoinyima riwaya mgogoro, maana mvuto wa visa vya namna hii umo katika shaka ya kama mhusika anampenda huyu aliye mbele yake, au anamtumia kujipoza kwa ajili ya yule aliyeondoka.

Mwandishi Mwingereza Jane Austen aliikabili shaka hiyo bila woga katika riwaya yake Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817. Kapteni Benwick anamwomboleza mchumba wake Fanny kwa mashairi na huzuni nzito, kisha, hata mwaka haujatimia tangu Fanny afe, anamchumbia Louisa Musgrove. Picha yake aliyochorewa kwa ajili ya Fanny sasa inatakiwa kutiwa fremu ili apewe Louisa, na kazi hiyo anaachiwa kaka yake Fanny, ambaye analalamika kwamba dada yake asingalimsahau mtu upesi namna ile. Benwick si mhusika mkuu, na uchumba wake tunausikia kwa masimulizi tu, lakini anatugusa kwa sababu marehemu bado ana mtu wa kumtetea.

Kwa hiyo hukutarajia makubwa. Utakapochukua riwaya nyingine ya aina hii, tazama kama mpenzi wa zamani anarudi baada ya katikati ya kitabu, kwa barua, kwa simu au kwa kumbukumbu njema isiyotakiwa, na kama huyo mpya anaruhusiwa kuona wivu wenye sababu.