Maswali yenu kuhusu fidla ya Ayalandi na Uskoti

Tangu nilipogusia hapa muziki wa fidla wa Wakelti, yaani watu wa Ayalandi, Uskoti na waliotoka huko kwenda ng'ambo, maswali hayajakoma. Nimechagua yale yanayohusu visa na hekaya, maana ndipo utamu wenyewe ulipo.

Mimi ni mtu wa taarabu. Kwetu hadithi iko kwenye mashairi, lakini hawa wanapiga tu bila kuimba. Hadithi yao iko wapi? (Msomaji, Zanzibar)

Wewe unaijua bashraf: ala tupu, mwimbaji ametulia. Lahani nyingi za fidla za Kikelti ziko hivyo hivyo. Hadithi hukaa kwenye jina la lahani, na mdomoni mwa anayeipiga.

Mfano ninaoupenda ni John Doherty wa Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, aliyefariki mwaka 1980. Alikuwa fundi bati wa kuzunguka vijijini. Mara nyingi hakubeba fidla, aliazima ya nyumba aliyofikia. Jioni watu wakishakaa, alisimulia kwanza lahani imetoka kwa nani na ilipatikana vipi, ndipo akaweka upinde kwenye nyuzi. Kwa wasikilizaji wake, kisa na lahani vilikuwa kitu kimoja. Nami naamini anayejifunza lahani bila kisa chake amejifunza nusu.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Katika hekaya za kale za Ayalandi, Dagda, mmoja wa miungu yao, anakwenda kukidai kinubi chake kilichoibwa na maadui. Anakishika na kupiga muziki wa aina tatu: wa kwanza unawaliza, wa pili unawachekesha, wa tatu unalaza jeshi zima, naye na wenzake wanaondoka salama.

Nimesikia kwamba baadhi ya lahani zilifundishwa na majini. Kweli? (Msomaji, Tanga)

Ndivyo wenyewe wanavyosimulia. Natumia neno majini kwa kuwa ndilo lililo karibu nasi. Wao husema ni watu wanaoishi ndani ya vilima, na wazee hawakupenda kuwataja waziwazi. Waliwaita "watu wema", kwa heshima na kwa hofu pia.

Lahani inayotajwa zaidi ni Port na bPúcaí. "Port" ni lahani, "púcaí" ni hao majini. Ilitoka kwenye visiwa vya Blasket, magharibi kabisa mwa Ayalandi, ambako wakazi wa mwisho wa kisiwa kikubwa walihamishwa mwaka 1953. Wengine husimulia kwamba watu waliokuwa peke yao kwenye kisiwa kimoja kidogo waliisikia usiku ikitoka nje ya nyumba. Wengine husema ni wavuvi walioisikia baharini. Mashua zao zilikuwa nyepesi, fremu ya mbao iliyovikwa turubai lililopakwa lami, hivyo sauti ya chini ya maji ilipenya hadi miguuni mwa waliokaa ndani. Siku hizi wapo wanaosema waliyemsikia ni nyangumi. Huenda. Lakini hebu mfikirie mvuvi gizani, kati yake na bahari pana turubai tu, na chini yake kitu kinaimba. Alichokisikia alikishika, akakileta nchi kavu, na hadi leo kinapigwa.

Kuna lahani nyingine ambapo hadithi ndiyo ilitangulia. Turlough O'Carolan (1670–1738) alipofuka kwa ndui akiwa kijana, akawa mpiga kinubi wa kutembea nyumba kwa nyumba. Husimuliwa kwamba mwenyeji wake mmoja huko Leitrim alimweleza vita kati ya majini wa vilima viwili vya jirani, akamwambia atunge kitu juu yake. Ikazaliwa Sí Bheag, Sí Mhór: kilima kidogo cha majini, kilima kikubwa cha majini. Ilitungwa kwa kinubi, lakini leo wanafunzi wengi wa fidla huanza nayo.

Fidla na violini vina tofauti gani? (Msomaji, Nakuru)

Ala ni ileile. Tofauti iko mkononi. Mpigaji wa Donegal hupenda upinde mfupimfupi, karibu kila noti na mvuto wake, muziki ukachomoza kwa ukali. Jirani yake wa Sligo huunganisha noti kadhaa katika mvuto mmoja, muziki ukateleza.

Kuna mtu alivunja fidla yake kabla ya kunyongwa. Ni nani? (Msomaji, Arusha)

James Macpherson, aliyehukumiwa kama jambazi na kunyongwa mjini Banff, Uskoti, mwezi Novemba mwaka 1700. Hilo lina kumbukumbu za mahakama. Yanayofuata ni simulizi. Chini ya mti wa kunyongea alipiga lahani aliyoitunga gerezani, kisha akainyoosha fidla kwa umati: nani ataipokea? Hakuna aliyethubutu, maana kuipokea ni kukiri undugu naye. Akaivunja. Husemwa pia kwamba msamaha ulikuwa njiani na wakubwa wa mji wakasogeza mbele saa ya mji ili usimkute hai. Vipande vinavyosemwa kuwa vya fidla ile vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la ukoo wake, Newtonmore.

Msikilize mpigaji wa Uskoti akiipiga. Kama anakijua kisa, utasikia hana haraka.

Dini haikuupinga muziki huu? (Msomaji, Bukavu)

Iliupinga, tena sana. Baadhi ya wahubiri waliona fidla ni chombo cha shetani. Hata Cape Breton, kisiwa cha Kanada walikohamia Waskoti wengi, bado husimuliwa habari za padri aliyekusanya fidla za waumini wake akazichoma moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu ya televisheni ilionya kwamba wapiga fidla wa kisiwa hicho wanatoweka. Wenyeji walichukia. Mwaka 1973 walikusanyika Glendale, na wapigaji zaidi ya mia moja wakapanda jukwaani pamoja. Miongoni mwa waliolisukuma tamasha hilo alikuwemo padri. Kisa hiki hunigusa kila ninapokikumbuka.

Nianze kumsikiliza nani? (Msomaji, Muscat)

Michael Coleman, mzaliwa wa Sligo mwaka 1891, aliyerekodi santuri zake New York. Zilivuka bahari kurudi nyumbani, na vijana wakamwiga kiasi kwamba mapigo ya vijiji vingine yalififia. Kwa hiyo baada yake msikilize Doherty, upate ladha ambayo santuri hazikuifunika. Kisha tafuta Port na bPúcaí kwa fidla peke yake, bila gitaa wala ngoma, uisikilize usiku taa zikiwa zimezimwa.